Besiboli inanikimbizia wasikilizaji

SWALI

Assalaam alaykum, washauri.

Mimi ni mwalimu wa shule, mkaazi wa Langoni hapa Lamu. Kwa muda mrefu sasa naandika riwaya. Inamhusu kijana wa Matondoni, mwana wa fundi wa majahazi, ambaye anapanda meli, anashukia Marekani na kuishia Chicago mwaka 1985, akiosha vyombo usiku katika jiko la hoteli. Huko anaipenda besiboli mpaka inakuwa kama maradhi. Nyumbani amemwacha bibi yake na udi aliokuwa akiupiga marehemu babake.

Kuna nyumba ya wageni Mkomani ambayo kila mwezi hufanya usiku wa maiki huru. Ukifika unaandikisha jina, unapewa dakika saba: washairi, waimbaji, wachekeshaji, na sasa mimi. Nikisoma vipande vya nyumbani, watu wanatulia. Nikiingia besiboli, simu zinawaka na wengine wanainuka kufuata kahawa. Mara ya mwisho nilimwomba rafiki yangu anipigie udi chini chini huku nikisoma. Mambo yakaharibika zaidi: waliokaa nyuma walisikia udi tu, na spika ikapiga mbinja mbele za watu.

Kipande chenyewe ni hiki:

“Usiku ule taa za Wrigley Field ziliufanya uwanja mweupe kama mchana. Refa akapuliza filimbi. Wachezaji kumi na mmoja wa Cubs wakajipanga. Zilikuwa zimebaki dakika mbili, matokeo sare, na mrushaji wa Cubs mwenyewe ndiye aliyekuja kupiga. Katika mchezo huu mpigaji akikosa mara tatu hutolewa, na akirushiwa mipira minne mibaya hupewa kituo cha kwanza bure, isipokuwa…”

Je, niitoe besiboli? Au nieleze sheria kwanza, ndipo nisome? Udi niuache? Tena, tangu nianze kwenda kusoma, sura mpya siandiki. La mwisho: kila sura yangu inaanza kwa beti za nyimbo za taarabu za siku hizi, na jamaa mmoja ameniambia nitapelekwa mahakamani.

Mwandishi, Langoni

JIBU

Wa alaykum salaam, ndugu mwandishi.

Besiboli usiitoe. Kijana wako bila mchezo ule anabaki muosha vyombo mwenye huzuni ya ugenini, na wa namna hiyo riwaya zetu zinao wengi. Kasoro iko kwingine. Kipande ulichotuletea kimeandikwa na mtu anayeujua mpira wa miguu, kisha akabadilisha majina. Wasikilizaji wa Mkomani huenda hawaijui sheria hata moja ya besiboli, lakini sikio hutambua upesi pale msimulizi anapopapasa gizani.

Tuanze na makosa, maana mhariri aliyewahi kuufuata mchezo huo atayaona kabla ya kumaliza aya. Uwanjani timu inayozuia huwa na watu tisa. Filimbi hakuna, mwamuzi husimama nyuma ya mdakaji, akaamua kwa sauti na kwa mkono. Dakika za mwisho pia hakuna, kwa sababu mchezo haupimwi kwa saa. Hupimwa kwa awamu tisa, na katika kila awamu kila timu hupiga mpaka watu wake watatu watolewe. Ile saa ya kumharakisha mrushaji, sekunde 15 vituo vikiwa vitupu, ligi kuu ya Marekani ilianza kuitumia mwaka 2023, kwa hiyo wewe wa 1985 haikuhusu. Awamu ya tisa ikiisha timu zikiwa sawa, huchezwa ya kumi, na ya kumi na moja, mpaka mmoja ashinde.

Kosa kubwa ni taa. Wrigley Field, uwanja wa timu ya Cubs ya Chicago, ulifunguliwa 1914, na mpaka Agosti 1988 haukuwa na taa za kuchezea usiku. Mwaka 1985 Cubs wakiwa nyumbani walicheza mchana tu. Utashawishika kumhamishia kijana wako Comiskey Park, upande wa kusini wa jiji, kwa kuwa White Sox, timu ya pili ya jiji hilo, walikuwa na taa tangu 1939. Usifanye hivyo. Kwako wewe mrushaji ndiye anayekuja kupiga, na ligi ya White Sox ilikuwa imeruhusu tangu 1973 awekwe mtu maalumu wa kumpigia mrushaji. Kwa Cubs wa 1985, waliokuwa ligi nyingine, mrushaji alikuwa bado anashika gongo mwenyewe. Baki Wrigley, ugeuze usiku uwe mchana.

Tena tazama unavyofaidika. Mtu wa zamu ya usiku mchana ni wake. Anatoka jikoni alfajiri, analala saa chache, anakwenda uwanjani vidole vikiwa bado vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Kisha kuna vya kuona ambavyo taa zingevifuta: mimea inayotambaa juu ya ukuta wa matofali mwisho wa uwanja, iliyopandwa 1937, na ule ubao mkubwa wa kijani wa matokeo, ambao namba zake hubadilishwa na watu walio ndani yake, kwa mikono. Kijana aliyekulia kati ya mafundi wa majahazi atamtazama mtu wa ubaoni kabla ya kuwatazama wachezaji. Mwandike hivyo.

Sasa suala la kueleza sheria. Usieleze, si kabla ya kusoma wala katikati ya kusoma. Sentensi yako ya “Katika mchezo huu mpigaji akikosa mara tatu…” ndipo simu zinapowaka. Hapo umeacha kusimulia ukaanza kusomesha, na watu wametoka kazini. Kenya hii wengi wamecheza raundas shuleni au wameitazama ikichezwa: unapiga, unakimbia vituo mpaka urudi ulipoanzia. Mtu huyo tayari ana nusu ya mchezo kichwani. Nusu iliyobaki, mpe jambo moja tu, linalotosha kwa dakika saba.

Jambo hilo tunakushauri liwe ile hali ya mirusho mibaya mitatu na straiki mbili, straiki ikiwa mrusho ambao mpigaji ameukosa au ameuacha mzuri upite. Hapo mrusho mmoja mbaya zaidi unampa mpigaji kituo cha kwanza, na straiki moja zaidi inamtoa. Kila mtu, hata asiyejua straiki ni kitu gani, anaelewa kuwa mpira unaofuata ndio wa kukata shauri. Na besiboli ina sheria iliyomfaa mwandishi kuliko zote: mpigaji mwenye straiki mbili akiugonga mpira ukaenda nje ya mistari bila kudakwa hewani, hahesabiwi straiki ya tatu, ila akiwa amejaribu kuugusa tu kwa gongo bila kulizungusha. Hesabu inabaki palepale, mpira unarushwa tena. Inaweza kutokea mara mbili, mara tano. Umepata kitu kinachokaribia kwisha kisha hakiishi, na ukumbi mzima unangoja pamoja nawe.

Kisha kati ya mrusho na mrusho kuna muda mtupu. Mrushaji wa 1985 alikuwa na nafasi ya kuzunguka, kupangusa jasho, kumtazama mdakaji, kukataa ishara, kuanza upya. Humo ndimo umwingize bibi wa Matondoni. Mrusho mmoja, nyumbani kidogo. Mrusho wa pili, nyumbani zaidi. Kwa njia hiyo hutakuwa tena na vipande vya nyumbani wanavyovipenda na vya besiboli wanavyovikimbia, kwa kuwa vitakuwa kipande kimoja.

Mfano wa mwendo tunaousema:

“Mibaya mitatu, straiki mbili. Mzee aliyekaa kando yangu akavua kofia. ‘Unaokuja ndio,’ akasema. ‘Ama anakwenda, ama anatoka.’ Mrushaji akainua goti. Mpira sikuuona. Nilisikia mbao. Ta! Ukaruka pembeni, nje ya mstari, watu wakaketi. ‘Haukuhesabiwa,’ mzee akasema. Nami nilikuwa nimeshafika Matondoni, nasikia tezo ya babangu ikipiga ubavu wa jahazi.”

Angalia vitu viwili hapo. Mzee wa kando ndiye anayeeleza, kwa maneno machache, kwa sababu kijana kweli hajui na kweli anahitaji kuambiwa. Na “mpira sikuuona” ni kweli ya uwanjani. Kutoka alipo mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44. Mpira wa kasi ya kilomita 145 kwa saa hufika kwa takriban nusu sekunde, pungufu kidogo. Usiuandikie sentensi ndefu ukizunguka angani, hauzunguki, umeshafika. Gongo nalo liwe la mbao, maana ligi kuu hairuhusu la bati, na sauti ya mbao ndiyo itakayokupeleka kwenye tezo.

Tuje kwenye dakika zako saba. Kiswahili cha kusomwa kwa watu hakitaki kupita maneno 90 hadi 110 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu, na mwenye haraka humeza viambishi, kisha msikilizaji hajui nani kamfanyia nani. Toa dakika moja ya kupanda, kusalimu na kunyamaza. Unabaki na maneno 600, basi. Ukienda na 900 utakimbia mwisho, na mwisho ndio uliowapandishia watu roho. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi ya mstari na nusu, upande mmoja wa karatasi: maneno 600 yataingia kurasa tatu za A4. Kila ukurasa uishe na sentensi yake, ili usigeuze karatasi katikati ya neno. Usizipige pini, ukimaliza moja iteleze nyuma ya nyingine. Kwa penseli weka mstari mdogo wa mshazari kila pahali pa kuvuta pumzi. Simu usisomee: mwanga wake unakupaka uso rangi ya maiti, na ujumbe ukiingia umepotea mstari. Beba vibanio viwili vya nguo kwa ajili ya upepo, na taa ndogo ya betri, maana stima ikikatika waliokuwa wakikusikiliza watakaa kimya gizani kukungojea, ikiwa una mwanga wa kuendelea.

Mazungumzo ya bibi usiyasanifishe. Kama kitabuni anasema mato na ndia, mbele ya watu wa Lamu sema mato na ndia. Hapo ndipo waliokuwa wakichungulia simu watakapoinua vichwa.

Kuna mtego mmoja wa mji wenu ambao mwandishi wa hadithi lazima aujue. Lamu imelelewa na utenzi. Masikio ya pale yamezoea mizani nane na kina kinachorudi, na kina ndicho kinachomwambia msikilizaji hapa ni pumziko, hapa itikia. Nathari haina hilo. Basi msomaji, akihisi ukumbi hauitikii, huanza kuvuta sauti kama anayeghani bila kujijua, na hadithi inakuwa shairi lisilo vina. Dawa yake ni kutia vituo vya kusikika ndani ya nathari yenyewe. Hesabu ile ile ikirudi, “mibaya mitatu, straiki mbili”, inafanya kazi ya kibwagizo. Iseme kila mara kwa sauti ile ile, kisha nyamaza kidogo. Kufikia mara ya tatu wataisema nawe.

Maiki. Spika kupiga mbinja maana yake ni kwamba sauti iliyotoka kwenye spika imeingia tena kwenye maiki, ikatoka, ikaingia, ikawa mduara. Husababishwa na mambo matatu, na huenda ulikuwa nayo yote: spika iko nyuma au kando ya msomaji, msomaji yuko mbali na maiki hivyo fundi ameongeza sauti, na mkono umefumbata kichwa cha maiki. Sogeza spika ziwe mbele yako, zikielekea watu. Maiki za mkononi zilizo nyingi zinasikia mbele na ni nzito wa kusikia nyuma, kwa hiyo mgongo wa maiki ndio uelekee spika. Kinywa kikae karibu, upana wa vidole vinne, na maiki iwe usawa wa kidevu ikielekea juu kidogo, ili pumzi ya p na b ipite juu yake. Jaribu kwa kusema “papa wa pwani” mara kadhaa. Ukisikia mishindo, izungushe kidogo pembeni. Juu ya dari chini ya makuti, kaskazi inapovuma, omba kofia ya sponji. Iwapo shughuli iko chini kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba, shida ni nyingine: kuta za mawe na chokaa zinarudisha sauti, na kiwanda kitupu kinavuma. Mwombe mwenye nyumba atandike mikeka na kuning’iniza kanga nzito au zulia ukutani nyuma ya watu, na usome polepole zaidi ya unavyofanya darini.

Udi usiuache, uupangie zamu. Nyuzi zake za chini zinakaa palepale inapokaa sauti ya mwanamume, basi kimoja lazima kimezwe, na udi una nguvu zaidi. Isitoshe, kinachobeba maana ya maneno ni vile visauti vyembamba, s, sh, t, k, na kila uzi unapopigwa unafunika kimoja. Kupunguza sauti ya udi hakuponyi. Watu watasikia kunong’ona kuwili. Wewe na rafiki yako mpatane hivi: taksimu fupi ya kufungua, yaani udi peke yake bila kuimba, nusu dakika. Kimya wakati unasoma. Kila mpira unapoenda nje ya mstari, wewe nyamaza, yeye apige sauti mbili au tatu za wimbo wa babake kijana, ule ule, na kila mara aongeze kipande kidogo. Wimbo mzima usikike mara moja tu, baada ya neno lako la mwisho. Muda huo uutoe kwenye saba zako. Maana yake maneno yashuke hadi 450. Asiimbe maneno wakati wowote unaposoma, na ngoma ya dumbaki isiwepo kabisa. Mpe nakala ya kurasa zako, pahali pake pamezungushiwa duara, wala msitegemee kukonyezana. Na atie udi wake sauti palepale atakapopiga, dakika chache kabla, kwa sababu ukitoka chumbani kuingia upepo wa bahari, nyuzi hulegea na kukaza.

Shughuli ianze baada ya Isha, saa mbili u nusu hivi, ili adhana isiwakatize na wanaoswali wawahi.

Kuhusu sura mpya: pokea mwaliko kila baada ya miezi miwili au mitatu, na usome tu sura ambayo rasimu yake imekamilika. Siku inayofuata, kabla hujasahau, weka alama kwenye zile kurasa tatu pale walipocheka, walipokohoa, walipoinuka. Penye kikohozi mara nyingi pana sentensi moja ya ziada. Ikate, uendelee na kuandika. Kuwapendeza watu wa usiku mmoja kuna utamu wa haraka ambao sura ya kumi na mbili haiwezi kukupa, ndiyo maana unaikwepa. Mwambie mwandalizi waziwazi kuwa unamaliza kitabu. Na kabla ya kukubali kurekodiwa na kuwekwa mtandaoni, soma masharti ya mashindano au mchapishaji unayemlenga, kwani baadhi hutaka kazi ambayo haijatoka popote.

Jamaa yako kuhusu beti ana hoja. Kwa sheria ya Kenya haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, kwa hiyo taarabu za siku hizi zina wenyewe, maneno na muziki pia. Kutaja jina la wimbo hakuna shida. Kunakili beti kama pambo la kila sura kunahitaji idhini ya maandishi, nayo huombwa kabla ya kitabu kufika mtamboni. Andika barua moja kwa kila mwenye haki, taja mistari unayoitaka, ukurasa itakapokaa, na idadi ya nakala zinazotarajiwa. Wasipojibu, toa beti hizo, utunge zako mwenyewe na useme ni za babake kijana. Mwana wa mpiga udi atakuwa na nyimbo ambazo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzisikia, na rafiki yako atapata za kupiga.